Kuipima Mashine ya Rafiki

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya boti pale Malindi, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa ndoo ya maji matamu na kitambaa, akanionyesha mashine zilizoning'inia kwenye magogo, akasema, "Zioshe chumvi. Ukimaliza uniambie ipi ilikwenda mbali zaidi leo."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka Kaloleni, kwa wagema na wakulima wa mihogo, na bahari nilikuwa nimeiona kwa mbali tu. Kwa wale wasioijua kazi yetu, mashine ninazozisema ni zile zinazofungwa nyuma ya boti: kichwa kiko juu, mguu umezama majini, na propela iko mwishoni. Nilizifuta moja baada ya nyingine na zote nikaziona sawa. Kijana mwenzangu mmoja, aliyeajiriwa kabla yangu, alikuja akainama kana kwamba ameangusha skrubu, akaninong'oneza, "Nusa. Iliyokwenda mbali inanuka oili iliyoungua."

Nilinusa, nikaenda kusema. Fundi Mkuu hakunitazama mimi. Alimtazama yule kijana.

"Athumani," alisema, "kesho mfundishe mbele yangu, nami nisikie."

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Athumani. Alikuwa mzaliwa wa Malindi, wa mtaa wa Shela, mtoto wa nahodha. Mimi nilikuwa Mgiriama wa bara ambaye hata kuogelea sikujua. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea, siku za Jumapili asubuhi, mkono wake mmoja ukiwa chini ya tumbo langu. Mimi nami nilimsaidia kusoma vitabu vya mashine, maana yeye shule aliiacha mapema na mimi nilikuwa nimesoma kwa wamisheni. Tulikula sahani moja miaka yote tuliyokaa karakana ile.

Mashine za wakati ule nyingi zilikuwa za kuchanganyia oili ndani ya petroli. Ukikosea kipimo cha oili, mashine inakauka ndani na pistoni inakwaruza ukuta wa silinda. Pistoni ni kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda kama mchi kwenye kinu, na ukuta ukishakwaruzwa, nguvu inavuja. Mashine itawaka, itanguruma, itakupeleka hata nusu ya safari. Fundi Mkuu alikuwa akisema mashine nzima na mashine iliyokufa hazimpi shida; inayomnyima usingizi ni ile inayowaka vizuri pwani.

Alitufundisha kupima kompresheni, yaani ule mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Unazitoa plagi za kuwashia, unapachika geji, kile kipimo chenye mshale, mahali pake, unavuta kamba mara kadhaa kwa nguvu, unasoma. Kisha unahamia silinda nyingine. "Msinitajie namba kubwa," alikuwa akisema. "Nitajieni kama ndugu hawa wanalingana." Mashine ya zamani ikisoma chini kidogo silinda zote, hiyo imezeeka kwa heshima. Silinda moja ikisoma juu na mwenziwe chini sana, hapo pana ugonjwa.

Fundi Mkuu alipougua na kurudi kwao Lamu, karakana ilibadilika mikono. Athumani akaacha spana akashika usukani. Alitaka kuwa nahodha kama babake. Mimi nikapata kazi Kilifi, kwenye karakana iliyokuwa kando ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, mahali ambapo boti zilizochoka zililetwa kuuzwa upya.

Aliyekuwa juu yangu huko alikuwa Meneja, mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi kila siku. Yeye aliamini rangi. Mashine ikiletwa, kabla sijaifungua, ilikuwa imeshapigwa rangi na kubandikwa nembo mpya. Nilimwambia siku moja kwamba rangi inaziba mahali ninapotaka kuona.

"Kahindi," alinijibu, "wewe unatazama ya ndani, nami natazama mlangoni. Mteja huingilia mlangoni."

Hatukugombana. Nilitengeneza niliyopewa kutengeneza, naye akauza. Lakini pale ndipo nilipojifunza kusoma rangi. Rangi ya kiwandani huzeeka sawasawa, hupauka upande unaopigwa na jua. Ukiona mguu unang'aa na kichwa kimepauka, jiulize mguu ulifanywa nini. Ukiona skrubu zimepakwa rangi lakini vichwa vyake vimechubuka, jua zilifunguliwa na mtu aliyekuwa na haraka. Nilijifunza pia kuweka kiganja juu ya mashine kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameiwasha kabla hujafika, kwa sababu mashine mbaya huona tabu kuwaka ikiwa baridi. Hapo unaomba kiti, unakaa, unaongea habari za mvua mpaka ipoe.

Kutoka Kilifi nilichukuliwa na idara inayoshughulikia wavuvi. Afisa aliyeniajiri alikuwa mtu wa bara, mcha Mungu, asiyependa maneno mengi. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwenye vituo vya wavuvi, kuanzia Takaungu hadi Ngomeni, kuangalia mashine za vikundi. Siku ya kwanza alinikabidhi sanduku la vifaa akasema, "Bwana Kahindi, ukifika mahali, wavuvi watakwambia mashine haina neno. Wewe ndiye utakayesema ina neno. Usitarajie wakupende."

Sikuwa nimelifikiria hilo kabla, lakini alisema kweli. Kupima mashine ni kazi ya mtu mmoja. Watu wanakuzunguka, wanatania, wanakuletea madafu, na wewe umeinamisha sikio. Ukiinua uso na kusema neno lako, duara linafunguka. Mwenye mashine anatazama baharini. Wengine wanakumbuka wana shughuli. Unajikuta unakusanya spana peke yako. Nililala kwenye nyumba za wageni ambazo kuta zake nilizijua kuliko za nyumba yangu. Mke wangu, Sidi, alilea watoto pale Malindi nami nikaja kama mgeni mwenye zawadi.

Kila niliporudi, baada ya kwenda nyumbani, nilishuka ufuoni kwa Athumani. Alikuwa na boti yake mwenyewe sasa, akipeleka wageni kutazama matumbawe. Tulikaa mchangani, migongo yetu kwenye ubavu wa boti, yeye akinieleza habari za mji, mimi nikimweleza habari za vijiji. Mara nyingine hatukusema lolote. Kuna watu unaweza kunyamaza nao, na mimi katika maisha yangu nilimpata mmoja.

Nilistaafu, na mwaka ule ule Sidi akafariki. Watoto walikuja wakazika, wakakaa arobaini, wakarudi walikotoka. Kifungua mimba wangu yuko Nairobi na wa pili yuko Ghuba. Wananipigia simu, siwalaumu. Nyumba ilibaki na mimi na redio. Athumani ndiye aliyekuwa akija kila siku baada ya alasiri, na birika la kahawa mkononi. Hakuja kunifariji kwa maneno. Alikuja, alimimina kahawa, alikaa. Sijui ningevukaje mwaka ule bila yeye.

Ili nisioze nyumbani, nilianza kupima mashine kwa watu binafsi. Mtu akitaka kununua boti iliyotumika, alikuja kuniita, nami nikaenda na geji yangu. Habari zilienea kutoka Malindi hadi Kilifi na kushuka mpaka Junju, na nilishukuru kuwa mtu anayeitwa mahali.

Siku moja alikuja mtu niliyezoea kumwona akipita, wakimwita Baba Neema. Alikuwa mtu wa bara aliyekuja pwani ujanani, akawa mpishi wa hoteli kule Watamu hadi hoteli ilipofungwa. Alichopewa alipoachishwa kazi alikuwa hajakigusa. Yeye na shemeji zake wawili walitaka kununua boti ya kuvulia nje ya mwamba, huko ambako samaki wakubwa wako na mawimbi hayana mchezo.

"Mzee," aliniambia, "mimi bahari siijui. Hata kuogelea sijui. Nimeambiwa wewe ukisema nunua, mtu ananunua."

Nilimwuliza boti ni ya nani.

"Ya Nahodha Athumani."

Nilikuwa sijui kama Athumani anauza. Jioni hiyo alipokuja na kahawa nilimwuliza. Aliweka birika chini, akaeleza. Macho yake yalikuwa yanaondoka. Daktari alimwambia ni presha ya macho, kwamba alichokwisha kukipoteza hakirudi, lakini upasuaji ungeweza kukinusuru kilichobaki. Boti ndiyo iliyokuwa ilipie upasuaji huo. Hakuniambia mapema kwa sababu, alisema, nilikuwa na msiba wangu.

"Atakuleta wewe uipime," alisema. "Nimefurahi. Afadhali wewe kuliko mtu mwingine."

Asubuhi nilikwenda. Niliweka kiganja juu ya kichwa cha mashine, nikakikuta baridi. Athumani hakuwa mtu wa hila. Mashine ilikuwa ya nguvu za farasi arobaini, ya silinda mbili, moja juu ya nyingine, ya aina ambayo vipuri vyake vilikwisha kuadimika. Niliuona mguu unang'aa rangi mpya. Nilimwuliza nani aliupaka. Akasema fundi mmoja aliyemtengenezea ufa mdogo, kwani yeye mwenyewe hakuweza kuona vizuri.

Nilifungua skrubu ya chini ya giaboksi, lile sanduku la meno linalozungusha propela. Oili nzuri hutoka nyeusi au ya kahawia. Iliyotoka ilikuwa kama chai ya maziwa, maana yake maji ya chumvi yameingia, na ndani yake zilimetameta chembe za chuma. Nikazitoa plagi nikapachika geji. Silinda ya juu ilisoma vizuri. Ya chini ilikuwa nusu yake. Nilivuta kamba tena, kisha tena, nikitumaini mkono wangu ndio uliochoka. Baadaye tuliiwasha majini. Uzi wa maji unaoruka pembeni, ule unaokuonyesha kama mashine inajipoza, ulikuwa mwembamba, na nilipoukinga kwa kidole uliniunguza.

Baba Neema na shemeji zake walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha boti ya pili, wakitusubiri. Nilimshika Athumani mkono nikamsogeza kando.

"Silinda ya chini imechoka," nilimwambia. "Na giaboksi imeingia maji. Yule fundi amefunika ufa, hakuuziba."

"Silinda naijua," alisema. "Naisikia. Giaboksi sikujua."

"Itabidi nimwambie."

"Mwambie inataka marekebisho. Hilo si uongo, Kahindi."

"Marekebisho ya nini? Ukuta wa silinda umekwaruzwa, na bloku ya aina hii, chuma chenyewe chenye silinda, haipatikani. Niachie, nitaijaribu kwa mikono yangu, sitaki kitu. Lakini siwezi kukuahidi itatoka nje ya mwamba na kurudi."

"Mimi na wewe tumekwenda na mashine mbovu kuliko hii."

"Tulikuwa tunajua ni mbovu," nikasema. "Na tulikuwa tunajua kuogelea."

Alinitazama, ingawa wakati ule sidhani kama aliuona uso wangu sawasawa. Kisha akauondoa mkono wake kwenye mkono wangu, polepole, kama mtu anayeweka kikombe mezani.

Nilirudi kwa Baba Neema. Nilitaka kumweleza faraghani, lakini yeye alisimama akauliza pale pale, mbele ya watu, "Mzee, ingekuwa ni wewe, ungenunua?"

"Singenunua," nikasema.

Ufuo una masikio mengi. Kufikia adhuhuri kila mtu kuanzia gatini hadi soko la samaki alikuwa anajua kwamba mashine ya Athumani imekataliwa, na kwamba aliyeikataa ni rafiki yake. Hakutokea mnunuzi mwingine. Baadaye aliuza boti tupu, bila mashine, kwa bei ya kutupa.

Sikumwona alasiri ile, wala kesho yake. Nilichemsha kahawa mwenyewe nikaipeleka kwake. Mkewe alinipokea mlangoni kwa adabu, akaniambia amelala. Nilikwenda mara nyingine, nikaambiwa ametoka. Nilimpa mwanawe mchango wangu wa hospitali; ulirudishwa na salamu nzuri. Mwishowe nilikutana naye uso kwa uso njiani, akitoka msikitini, mkono wake begani mwa jirani. Nilimwamkia. Akaitambua sauti yangu.

"Sikukasirika kwa sababu ulisema," aliniambia. "Ulisema kweli. Lakini ingekuwa ni mimi, ningetafuta namna."

Alimgusa jirani, wakaendelea na njia yao. Nimeitafuta hiyo namna usiku na mchana. Ningekataa kuipima? Baba Neema angempata fundi mwingine, pengine kama yule wa rangi, na angenunua. Ningesema nusu? Nusu ambayo ningeificha ndiyo ingemzamisha. Nimeipinda kila upande na kila nikiipinda inarudi palepale: mtu asiyejua kuogelea, mwamba, na silinda ya chini.

Jamaa zake walichangishana, akapelekwa hospitali, lakini muda ulikuwa umepita. Upasuaji ulifanywa na haukuokoa kitu. Nahodha aliyekuwa akiingia mlango wa mwamba kwa kutazama rangi ya maji tu akawa anashikwa mkono kuvuka barabara.

Baba Neema alipata boti nyingine baada ya muda, nami nikaipima, ikawa nzuri. Aliniletea samaki siku za mwanzo, kisha shughuli zikamzidi, halafu akahamia upande wa Kilifi. Nasikia yu mzima na ananenepa. Nafurahi. Lakini nyinyi mnaoingia kazi hii leo jueni jambo moja ambalo mimi sikuambiwa: ajali uliyoizuia haionekani. Huwezi kumwonyesha mtu. Mimi nikipita mjini nilimwona Athumani na fimbo yake, kila mtu alimwona, na hakuna aliyeweza kuwaona watu watatu ambao hawakufa maji. Mara nyingine hata mimi sikuwaona.

Miaka ilipita hivyo. Kahawa nilikunywa peke yangu, birika likawa kubwa mno, nikanunua dogo.

Kisha mwaka jana alikuja msichana mlangoni kwangu, amefunga leso kichwani, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Shikamoo, Ami Kahindi."

"Marahaba, mwanangu." Nilimtambua kwa meno, alikuwa na meno ya babake. Alikuwa Zuhura, kitinda mimba wa Athumani, ambaye nilimwacha mtoto wa shule. Aliniambia amefanya kazi kwenye boti za watu, amepata leseni ya unahodha, na sasa anataka kununua boti yake mwenyewe. Kulikuwa na moja inauzwa Mayungu, na mashine yake ni ya zamani.

"Babako anajua umekuja kwangu?" nilimwuliza.

Aliinamisha uso. "Twende tu, Ami."

Tulipanga siku. Nilipofika Mayungu, yeye alikuwa ameshafika. Tuktuki iliyomleta ilikuwa imesimama juu, mahali njia inapoishia kwenye miti ya mivinje, mapazia yake ya plastiki yameteremshwa kwa sababu ya upepo. Sikuijali. Niliweka kiganja juu ya mashine, nikaikuta baridi. Rangi yake ilikuwa imepauka sawasawa. Nilianza kuzitoa plagi.

Zuhura aliondoka akapanda hadi ilipo tuktuki, akainama penye pazia, akarudi.

"Ami, kuna swali. Silinda ya chini inasomaje?"

Mkono wangu ulisimama. Msichana yule alikuwa nahodha mzuri, lakini aliuliza kama mtu aliyebeba kitu cha mtu mwingine na kuogopa kukiangusha. Niliitazama tuktuki. Nyuma ya plastiki iliyojaa chumvi niliona kofia nyeupe tu.

Nilivuta kamba, nikasoma. "Mwambie inalingana na ya juu."

Alikwenda, akarudi. "Oili ya gia?"

"Mwambie ya kahawia. Haina maji, haina chuma."

Tuliishusha boti majini na aliyekuwa akiiuza akaiwasha. Iliwaka mara ya pili ya kuvuta. Niliiacha ingurume, nikaifunga boti kwa kamba, nikaitia gia ili isukume, nikasikiliza. Plastiki ya tuktuki ilikuwa imepandishwa sasa. Alikuwa ameutoa uso wake nje, kidevu juu, shingo imeelekea upande wetu. Nilijua anasikia ninachosikia. Nilimwacha asikie kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mashine yoyote.

Zuhura alikwenda, akarudi. "Anauliza uzi wa maji ni wa moto?"

"Vuguvugu. Mwambie tunanunua."

"Tunanunua?"

"Unanunua wewe," nilisema, maana ulimi ulikuwa umeniteleza. "Mwambie ni mashine nzuri. Mzee mwenzetu, lakini mzima."

Alikwenda tena. Safari hii alikaa zaidi. Aliporudi hakunitazama usoni.

"Anauliza kama bado unapika mwenyewe."

Nilikuwa na oili hadi kwenye viwiko. Nilijifanya nafunga plagi. "Mwambie napika. Mwambie wali unaungua chini kila siku."

Nilimwona akifika, akiinama, akisema. Nilimwona Athumani akishusha kidevu. Zuhura aliponirudia, nilimwuliza amesema nini.

"Hakusema kitu," alijibu. "Amecheka."

Nilichukua sabuni na ndoo ninawe mikono, nipande kule juu. Oili ya mashine haitoki haraka, na mikono yangu siku hizi haina nguvu ya kusugua. Nilipoinua kichwa, tuktuki ilikuwa imegeuza, inaondoka. Zuhura aliniambia upepo unamwumiza kifua, hawezi kukaa nje sana. Huenda ni kweli. Huenda tulikuwa tumesemezana kadiri tulivyoweza siku ile.

Sasa sipimi mashine nyingi. Mpya zinakuja na kompyuta ndani, na vijana wana vifaa vya kuzisoma. Ni kazi nzuri, wajifunze. Mimi nimebaki na zile za zamani na watu wanaozinunua kwa sababu ndizo wanazoziweza. Nikiulizwa kazi hii ilinipa nini, nasema ilinipa kujua kusikiliza kitu mpaka mwisho wake. Nikiulizwa ilininyima nini, nasema wageni wa jioni. Siwaambii vijana waiache kwa ajili hiyo. Nawaambia wajue kwamba neno watakalolisema ufuoni watakwenda nalo nyumbani.

Nyumba yangu imetulia. Asubuhi nafagia, natazama njia. Lakini tangu siku ile ya Mayungu, limetokea jambo. Wanunuzi wanaokuja kubisha hodi, wakiwa wa Malindi, wakiwa wa Watamu, nikiwauliza nani amewaelekeza kwangu, wengi wananijibu, "Mzee Athumani, yule kipofu wa Shela. Amesema tusinunue mpaka wewe uiguse."

Huwauliza hali yake. Wananiambia yupo, amekaa barazani kwake, anasikiliza watu wakipita. Basi nachukua geji yangu, nafunga mlango, tunakwenda.